Mimi na Mpira Basi: Lalamiko la Mpenzi kama Kipera cha Fasihi Simulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kwenda kwa wazee kutafuta ngano, methali na nyimbo za jando. Tunawasha simu irekodi, tunauliza, mzee anakohoa, anatupa sungura na fisi, tunarudi chuoni tumeridhika. Katika makala hii ninataka kuzungumzia kitu ambacho wazee hao hao hukisema kila siku bila kuulizwa, na ambacho sisi hatukirekodi kwa sababu tunadhani ni kelele tu za barazani. Ninazungumzia malalamiko. Tena si malalamiko ya mwenye shida, bali ya mpenzi wa kitu juu ya kitu hicho hicho anachokipenda: shabiki anayeiponda timu yake asubuhi na jioni, na ikifika Jumamosi yumo uwanjani kabla ya wachezaji.

Mfano wangu unatoka nyumbani, Ufukoni, Mtwara. Baraza lenyewe ni mabenchi mawili na mkeka chini ya mwembe, kwa muuza kahawa. Wanaokaa hapo ni wavuvi, wachukuzi wa bandarini, fundi seremala mmoja na mwalimu mstaafu. Mwenyekiti asiyechaguliwa ni mjomba wangu. Msomaji wa kutoka kwingine aelewe kwamba kwetu, Wamakonde na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kupita na kumrushia salamu. Unasimama, unasema shikamoo, unangoja. Akishasema jambo, limesemwa.

Timu ya baraza ilikuwa Ndanda. Wanafunzi wa Kiswahili wengi tunalijua jina hilo kutoka ukurasa wa pili wa vitabu vya zamani, pale palipoandikwa kwamba kitabu kimepigwa chapa Ndanda Mission Press, huko kwa mapadri wa Kibenediktini wilayani Masasi. Kwa baraza la Ufukoni Ndanda ni Wana Kuchele, timu iliyopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15 na kushuka mwisho wa msimu wa 2019/20. Misimu sita. Mimi ilipopanda nilikuwa darasa la tano. Iliposhuka nilikuwa na ndevu mbili tatu. Kwa hiyo naweza kusema nimelelewa na kipera ninachokihakiki, na msomaji ana haki ya kunitilia shaka.

Niseme kwanza kwa nini nakiita kipera. Profesa Mulokozi alipoainisha tanzu za fasihi simulizi aliyapa mazungumzo nafasi ya utanzu kamili, akaweka humo hotuba, malumbano ya watani, soga, mizaha na mengineyo. Malalamiko ya shabiki yanaweza kujibanza ndani ya soga bila kumsumbua mtu. Lakini soga huenda popote inapotaka. Lalamiko la shabiki lina njia yake, na wasikilizaji wanaijua njia hiyo kama wanavyojua kwamba mtu akisema paukwa lazima aitikiwe pakawa.

Linaanza kwa kiapo cha kunyamaza. “Mimi leo sisemi.” “Bora ninyamaze.” “Msiniulize habari ya jana.” Hakuna aliyekuuliza, lakini ukishasema hivyo hadhira inasogea kwenye benchi, kahawa inamiminwa, na kimya ulichoapa kinakuwa ndio mlango wenyewe wa kusemea. Halafu linakuja rejeo la zamani: enzi za Bandari ya Mtwara, wakati ule watu walikuwa wanacheza mpira, si hawa. Fanani hodari halitaji zamani hivi hivi, anaweka kituo, anatazama baharini, ndipo anasema “wakati ule.” Kisha ndipo wakosaji wanaposomwa mmoja mmoja, kipa, beki namba tatu, kocha, refa, nyasi, hata mvua. Katikati hadhira ina kiitikio chake, nacho ni “wee acha tu.” Mwisho kabisa ni kiapo cha pili, na hiki ndicho nilichokifanya kichwa cha makala: “Mimi na mpira basi.” Mjomba aliapa hivyo, kwa hesabu yangu ya kitoto, kila wiki kwa miaka sita. Hakuna aliyewahi kumwambia mbona umerudi. Kumuuliza hivyo kungekuwa sawa na kumuuliza msimulizi wa ngano kama kweli sungura alisema.

Kuna utani mmoja wa fani ambao sina budi kuutaja. Uwanja wa Mtwara unaitwa Nangwanda Sijaona, kwa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa TANU aliyekuwa waziri katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Basi mtu akitoka uwanjani akaulizwa, “Vipi, magoli?” anajibu kwa sauti ya huzuni, “Sijaona.” Nimesikia utani huo pengine mara mia na bado watu wanacheka. Marehemu atusamehe. Mahali ambapo jina la uwanja lenyewe linakupa mstari wa kwanza wa lalamiko, nani atanyamaza?

Sasa, tusilichanganye lalamiko hili na ndugu zake. Ushindani wa sanaa katika nchi yetu umetupa maneno makali mengi, na yamefanyiwa kazi. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, ambayo hadi 1971 iliitwa Sunderland, zimelea vijembe vya kutosha kujaza maktaba. Ngoma za beni, Marini na Arinoti, zilikuwa na zake kabla ya hapo. Miaka ya 1990 TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, walipigana mipasho mpaka watu wakalipa kiingilio kusikiliza ugomvi. Lakini hayo yote yanarushwa ng'ambo. Kijembe kina mtu wa upande wa pili. Lalamiko linarushwa nyumbani, na mrushaji amesimama hapo hapo linapoangukia.

Ushahidi wa jambo hili niliupata msimu mmoja wa korosho. Lori lilikuja kuchukua mzigo, utingo wake akaja kunywa kahawa. Kijana wa Dar es Salaam, mchangamfu, hana ubaya. Akakuta baraza linasaga timu: hawana pumzi, hawana akili, hawana aibu. Alisikiliza, akakunywa kikombe cha pili, akaona naye achangie. Akasema, “Kweli wazee, timu yenu mbovu.” Hakuongeza neno ambalo halikuwa limesemwa. Lakini kile kimya! Fundi seremala akaweka kikombe chini. Mwalimu mstaafu akamuuliza kwa Kiswahili cha darasani, “Samahani, kijana, umesema timu ya nani?” Na kwa nusu saa iliyofuata nikasikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba kipa wetu ni hodari, kwamba beki namba tatu anatakiwa na timu kubwa, kwamba nyasi za Nangwanda hazina mfano kusini yote. Utingo aliondoka bila kumaliza kashata yake.

Mtu angeweza kuishia hapa na kusema: basi, lalamiko ni upendo uliovaa kanzu ya hasira. Ndivyo tunavyopenda kusema katika semina, na ndivyo nilivyoandika katika rasimu ya kwanza ya makala hii. Ni rahisi mno. Inawapa mashabiki sifa ambayo hawajaifanyia kazi yote. Yapo mambo mawili ambayo maelezo hayo hayayafikii.

La kwanza ni kwamba watu wa kwingine hutuambia sisi wa Mtwara tunalalamika sana, nami nakataa. Mwishoni mwa 2012 na katika mwaka 2013 watu waliandamana kwetu juu ya gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na mambo yakafika pabaya. Wakulima wa korosho nao kila msimu wana maneno juu ya bei na malipo. Hayo si malalamiko ninayoyahakiki mimi. Hayo ni madai. Dai lina anayedaiwa, lina kiasi, na likilipwa linakwisha. Mkulima akipata fedha yake anakwenda kununua bati. Lalamiko la shabiki halina anayedaiwa. Nani barazani angeweza kumbadilisha kocha? Na jambo la kushangaza, likitimizwa shabiki hafurahi, anaona kama ameibiwa. Beki aliyesagwa nusu msimu akiondolewa, wiki inayofuata mnasikia: “Walikuwa na beki mzuri, wamemfukuza.” Wanasiasa wakiliita dai la mkulima “kulalamika” wanafanya hila ya lugha, wanalipeleka kwenye kipera kisichohitaji jibu. Hili lingestahili makala yake, niliache.

La pili ndilo linalonigusa. Mwaka ule wa kwanza wa ligi, timu ilikwenda ugenini ikatoa sare. Nilikuwa nimesikiliza redioni kwa jirani, nikakimbia mpaka barazani huku napiga makofi. Nikasema, “Mjomba, tumepata pointi!” Watu walinitazama. Hawakukasirika, la. Walinionea huruma. Mmoja akauliza, “Huyu mtoto anashangilia sare?” Mwingine akasema, “Mwacheni, hajaujua mpira.” Mjomba akacheka, akanipa kipande cha kashata, akaendelea kueleza jinsi walivyopoteza pointi mbili.

Hajaujua mpira. Tafadhali, wasomaji wenzangu, tulitazame neno hilo kwa makini kwa sababu ndani yake mna katiba nzima ya baraza. Kufurahi kumekuwa dalili ya ugeni. Anayejua, anaona kasoro. Asiyejua, anapiga makofi. Kwa hiyo lalamiko si hisia tena, ni cheo. Mtu anapanda ngazi kwa kuona ubaya ambao wenzake hawajauona. Timu ikishinda bao moja, mkubwa ni yule anayesema zingekuwa tatu. Ikishinda tatu, mkubwa ni yule anayesema wapinzani walikuwa wachovu. Na kwa kuwa kila mtu anataka cheo, hakuna anayebaki kufurahi, isipokuwa watoto na wapita njia, ambao hawahesabiwi.

Mimi sikutaka kuhesabiwa mtoto. Nilikaa chini nikajifunza. Nikifika kidato cha pili nilikuwa najua kusema “wakati ule” juu ya wakati ambao sikuuona. Kwenye kibanda umiza, tulikokuwa tunalipa kuangalia mpira, nilikuwa natoa mlio wa ulimi kabla mchezaji hajapiga pasi, kuonyesha kwamba nilijua itapotea. Siku moja mjomba akanigeukia akasema, “Huyu sasa anaujua mpira.” Nilifurahi usiku kucha. Angalia kejeli yake: furaha yangu kubwa ya misimu ile sita sikupewa na goli.

Halafu mwaka 2020 ligi ilisimama mwezi Machi kwa ajili ya korona, ikarudi Juni, na ilipokwisha Ndanda ilikuwa imeshuka. Nilitegemea barazani pawake moto. Hapakuwaka. Siku ya kwanza mjomba alikuja, akakaa, akanywa kahawa yake. Hakuapa kwamba hatasema. Alinyamaza kweli, na hicho ndicho kilichonitisha. Siku zilizofuata walizungumza habari ya pweza na bei ya mafuta ya boti. Kipera kilikuwa kimepoteza kitu chake, na mafanani wenyewe hawakuonekana kujua mikono waiweke wapi.

Naomba sasa nivuke kutoka kwenye mwembe kuja kwenye ukumbi wetu wa semina, na daraja la kuvukia ni lile neno “hajaujua.” Maana sisi wapenzi wa ushairi tulikuwa na baraza la namna hiyo kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu hatujalivunja. Mnamo 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na vizazi viwili vilijifunza humo vina na mizani. Kazi nzuri, tena ya mtu aliyependa. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, na ndani yake mna mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Miaka iliyofuata Mulokozi na Kahigi nao wakaingia na Malenga wa Bara. Ikazuka ile tunayoiita katika mitihani “mgogoro wa ushairi,” jina ambalo Mayoka alilitia hata kwenye kichwa cha kitabu chake katika miaka ya 1980.

Walimu wetu hutufundisha mgogoro huo kama mjadala wa nadharia, wanamapokeo huku na wanamabadiliko kule, na katika mtihani tunaandika hoja za kila upande na kupata alama. Hoja zilikuwapo, sikatai. Lakini ukikaa na makala za wakati ule baada ya kukaa miaka sita chini ya mwembe wa Ufukoni, unasikia sauti unayoifahamu. Unasikia “wakati ule.” Unasikia “vijana wa siku hizi.” Unasikia kwamba aliyependa shairi jipya amelipenda kwa sababu hajaujua ushairi. Na upande wa pili nao hawakuwa malaika. Kwao aliyefurahia kina kilichotua vizuri alikuwa mtu wa jana, aliyelewa ngoma asione maudhui. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila kujua: mwenye furaha ndiye mshamba.

Ni watu wangapi waliosoma Kichomi mwaka ule wakafurahi, wakanyamaza? Hilo haliwezi kuhesabiwa, kwa sababu furaha haikuwa na mahali pa kuandikwa. Kulikuwa na safu za kulalamikia ushairi. Safu ya kusema “mstari huu umenikosesha usingizi” ilikuwa nyembamba sana, na bado ni nyembamba. Fungueni matoleo ya jarida letu hili mhesabu.

Nami sijitoi. Mwaka jana, jioni ya ushairi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alisoma shairi lake juu ya kuokota korosho. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kulihakiki. Nilisimama nikaanza, na Mungu ananisikia, kwa maneno “Mimi leo sitasema mengi.” Kisha nikasema mengi. Nikasema washairi wachanga huwa wanakimbilia taswira kabla ya kuumudu muundo. Nikasema siku hizi watu hudhani kukata mstari ni kutunga. Nikarejea Amri Abedi, nikarejea Kezilahabi, nikawatumia wote wawili kumpiga mtu mmoja, jambo ambalo si rahisi na ninakiri kwamba nililionea fahari. Watu walicheka mahali nilipotaka wacheke. Mwalimu mmoja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilirudi kwenye kiti nikiwa najisikia kama siku ile mjomba aliponiambia naujua mpira. Yule dada hajasoma tena. Wenzake wanasema anaandika bado. Wengine wanasema ameacha.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani, na hapa ndipo ninapotaka kuweka ushahidi wangu wa mwisho, kwa kuwa ndio uliovunja rasimu ya kwanza. Usiku mmoja umeme ulikatika, mjomba na mimi tulikuwa tumekaa mkekani nje, watu wa barazani wamekwenda makwao. Nikamuuliza, kwa utafiti tu, kama kuna siku yoyote aliyotoka uwanjani bila lalamiko. Nilidhani atacheka. Akanyamaza, kisha akaanza kunisimulia goli.

Lilikuwa goli la enzi za Bandari, yeye akiwa kijana, amepanda juu ya mti nje ya ukuta kwa sababu hana kiingilio. Hakuanza na kiapo. Alianza na mpira wenyewe, ulikotokea. Mpira ukatoka kwa kipa, dii, ukamkuta mtu upande wa kulia, mtu mfupi, soksi zimeshuka. Akamtazama beki. Akausimamisha, tu! Beki naye akasimama. Akaupitisha, akaufuata, akainua uso, akaona wa kushoto anakuja. Mjomba alisimama mkekani kunionyesha jinsi wa kushoto alivyokuja, mzee wa miaka sitini na kitu, kaniki imemfunguka nusu. Ukaja mpira, hewani, chwaa, na wa kushoto hakuungoja utue. Akataja rangi ya jezi. Akataja kwamba tawi alilokalia lilikuwa na siafu na yeye hakuwasikia mpaka mpira ulipotulia wavuni. Alisimulia dakika kama ishirini, goli la sekunde kumi. Halafu akakaa, akafunga kaniki yake, akasema, “Basi.”

Nilimuuliza kwa nini sijawahi kumsikia akilisimulia hilo barazani. Akanishangaa. “Barazani? Pale wangeniona mtoto.”

Sikulala upesi usiku ule, na nilipokuwa macho nilifanya kazi ya mhakiki, yaani nililinganisha matini mbili za fanani mmoja. Katika malalamiko yote ya mjomba niliyoyasikia sikumbuki tanakali sauti hata moja. Katika lile goli zilijaa: dii, tu, chwaa. Katika malalamiko watu ni “hawa,” ni “wao,” ni “vijana wa siku hizi”. Katika goli kuna mtu mfupi ambaye soksi zake zimeshuka. Tena tazameni vitenzi. Lalamiko linakaa katika hu-: hawa hupoteza, hawa huchoka, refa huonea. Ni wakati usio na siku, kwa hiyo hauwezi kukanushwa na siku yoyote. Goli lilikwenda kwa -ka-: akausimamisha, akaupitisha, akainua. Kila kitendo kimesimama juu ya kile kilichotangulia, na ukikosea kimoja msimulizi atakushika. Tunapozoea kusema kwamba mkali ndiye aliyetazama kwa makini, sijui tunategemea nini. Mjomba mkali alikuwa hatazami. Alikuwa anasema yale yale, na mpira ulikuwa unachezwa mbele yake. Aliyetazama ni yule wa juu ya mti, mwenye siafu miguuni.

Kuna atakayeniuliza: je, tusiseme kasoro? Shairi bovu tulipigie vigelegele? Swali ni la haki, na siogopi kusema kwamba mashairi mabovu yapo, tena mengine yamechapishwa humu, na mengine niliyatunga mimi. Kasoro nayo inaweza kusemwa kwa -ka-. Hapa mshairi alifika, akageuka, akapotea kwenye mstari wa nane kwa sababu hii. Hilo ni jambo la kuonyeshwa kwa kidole na mtunzi anaweza kulijibu, hata kulikataa. Ninacholalamikia, na msomaji ameshaona kwamba makala hii nayo ni lalamiko, ni uhakiki wa hu-, ule unaoweza kuandikwa kabla ya shairi kusomwa. Nilitafuta karatasi niliyoisoma jioni ile ya ushairi. Ninayo bado. Kurasa tatu. Vitenzi vya hu- ni kumi na saba. Mistari ya shairi lake niliyoitaja, hata mmoja.

Muhula ulipoanza nilimtafuta yule dada, nikamkuta nje ya maktaba anakula mihogo na wenzake. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya shairi la korosho, kwamba nadhani sikulitendea haki. Hakukasirika wala hakufurahi. Akauliza, “Mstari gani?”

Nikasimama pale. Nilikumbuka sauti yake, nilikumbuka kwamba kulikuwa na mahali bibi mmoja anainama, nikakumbuka vicheko vyangu vyote. Mstari sikuukumbuka.

Nikamwomba daftari nilisome upya. Akasema daftari liko kwao Newala, kwa mama yake, na yeye harudi mpaka msimu wa korosho uishe.